Dola ya 2,735: hesabu ya mwagizaji mchele aliyekimbilia benki Oktoba 2024

Katikati ya Oktoba 2024, mwagizaji wa mchele mwenye ghala lake Darajani, Unguja, alinunua dola 52,000 kwa mkupuo mmoja, kila dola shilingi 2,735. Siku 75 baadaye, ukingoni mwa Disemba, dola iliuzwa kaunta ileile kwa 2,430. Katika muda wote huo Riba ya Benki Kuu, ile inayotangazwa kama dira ya riba nchini, haikutikisika. Ilikuwa asilimia 6 siku aliyonunua, na ilikuwa asilimia 6 siku aliyoona kwamba amenunua ghali.

Mwagizaji huyu ni wa mfano, na bei za kaunta tumezikadiria ili hesabu isomeke. Mwendo wa shilingi, maamuzi ya Benki Kuu na tarehe zake ni vya kweli. Kisa kinafaa kuchambuliwa kwa sababu kinaonyesha jambo ambalo wanaofuatilia taarifa za riba peke yake hulikosa: hapa Visiwani sera ya fedha humfikia mfanyabiashara kwanza kupitia ubao wa bei ya dola na kupitia imani ya watu kuhusu ubao huo utakavyosoma mwezi ujao. Riba ya mkopo huja nyuma sana, na mara nyingine haiji kabisa.

Mzigo wenyewe

Tani 100 za mchele wa mapembe, kontena nne za futi 20, tani 25 kila moja. Bei ya mkataba dola 520 kwa tani, nauli na bima ndani yake, hadi Bandari ya Malindi. Jumla dola 52,000. Kwa mapolo ya kilo 50 hayo ni mapolo 2,000, na kila polo linabeba dola 26 kabla ya ushuru, bandari na makuli. Masharti ya malipo: asilimia 20 mwanzo, yaani dola 10,400, na asilimia 80 iliyobaki, dola 41,600, hati za meli zikifika benki mwishoni mwa Disemba.

Hapa ndipo kisa kinapoanzia. Mwezi wa Oktoba alihitaji dola 10,400 tu. Zile 41,600 alizinunua siku 75 kabla ya kuzihitaji.

Hakuwa na shilingi taslimu za kutosha. Dola 41,600 kwa 2,735 ni shilingi 113,776,000. Alikuwa na hatifungani ya serikali ya miaka 25, yaani karatasi ya kuikopesha serikali, thamani yake ya usoni (iliyoandikwa juu yake) milioni 50, aliyoinunua mwaka 2022. Akaiuza kwa bei ya 80 kwa kila 100, akapata milioni 40. Zilizobaki, 73,776,000, akazitoa kwenye mkopo wa muda mfupi wa biashara kwa asilimia 15 kwa mwaka.

Alichokiogopa

Hofu yake haikuwa ya kipuuzi. Shilingi ilianza 2024 ikiwa karibu 2,500 kwa dola, na kufikia Oktoba ilikuwa imevuka 2,700. Mwaka uliotangulia dola zilikuwa adimu kiasi kwamba mteja aliwasilisha maombi yake benki akasubiri zamu. Mtu aliyewahi kukosa dola siku hati zimeshafika, kontena zimekaa bandarini na gharama zinapanda kila siku, hanunui dola kwa kuangalia bei. Ananunua zikipatikana. Hilo lazima lieleweke kabla ya kumlaumu.

Tazama sasa takwimu za bei. Mfumuko wa bei Tanzania Bara katika miezi hiyo ulikuwa asilimia 3.0 hadi 3.1, kwenye ukingo wa chini wa lengo la Benki Kuu la asilimia 3 hadi 5. Zanzibar ina kipimo chake, kinachotolewa na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali, na mfumuko wake ulikuwa juu ya ule wa Bara, ingawa ulikuwa unashuka kutoka mwaka 2023. Kwa karatasi, hakuna mahali palipowaka moto.

Dukani lakini hakuna anayekadiria bei za kesho kwa karatasi hiyo. Mchele, unga wa ngano, sukari, mafuta ya kula, saruji, karibu vyote huja kwa meli. Mwenye fremu Mji Mkongwe alikuwa akitaja kodi kwa dola. Kwa hiyo kipimo cha watu cha mfumuko wa bei ni ubao wa duka la kubadilishia fedha. Ubao ukipanda wiki tatu mfululizo, mwenye duka la rejareja Mwanakwerekwe hupiga simu: "Ami, nifungie mapolo thelathini kabla hujapandisha."

Na ami, yaani mwagizaji wetu, alipandisha. Ghalani alikuwa na mchele wa zamani alioulipia dola zikiwa kama 2,600. Akaupanga bei kana kwamba dola ni 2,900, kwa sababu alijiuliza polo lijalo litamgharimu kiasi gani, bila kujali la zamani lilimgharimu nini. Dola 26 mara tofauti ya shilingi 300 ni 7,800 kwa polo. Dola haikufika 2,900, lakini mnunuzi wa kilo mbili za mchele alikuwa ameshailipa. Hivi ndivyo matarajio yanavyokuwa bei: hakuna sheria wala njama ndani yake, ni kila mmoja kujikinga na kesho kwa kumkata wa leo. Wenye duka nao wakajaza stoo, biashara ya Oktoba na Novemba ikaonekana imechangamka, na uchangamfu huo ukamhakikishia mwagizaji kwamba alikuwa sahihi.

Pemba hofu hiyohiyo huvaa sura nyingine. Mkulima wa Wete mwenye karafuu kavu magunia mawili, asipokuwa na shida ya haraka, huziweka. Karafuu iliyokaushwa vizuri hukaa, na kwake ndiyo akiba isiyoyeyuka pamoja na shilingi.

Benki Kuu ilikuwa ikifanya nini

Sarafu na benki ni mambo ya Muungano, kwa hiyo Serikali ya Mapinduzi haina riba yake wala shilingi yake. Mtakwimu Mkuu anapima bei za Unguja na Pemba, lakini chombo cha kuzituliza kinashikwa na Benki Kuu ya Tanzania, nayo hupangia nchi nzima. Mfumuko wa Zanzibar ukiwa juu kuliko wa Bara, hakuna riba ya pekee ya Visiwani itakayokuja kuukabili.

Januari 2024 Benki Kuu iliacha mfumo wa kudhibiti ujazi wa fedha, ikaanza kutumia riba kama dira. Riba ya kwanza ilikuwa asilimia 5.5, Aprili ikapandishwa hadi 6. Kamati ya Sera ya Fedha hukutana kila robo mwaka na kutangaza. Kinacholengwa hasa ni riba ambayo benki zinakopeshana zenyewe kwa siku saba, nayo inatakiwa ibaki ndani ya pointi mbili juu au chini ya riba iliyotangazwa. Kwa asilimia 6, uwanja ni kutoka 4 hadi 8.

Mwagizaji wetu hakopi kwenye soko hilo. Anakopa kwa 15. Riba ya benki za biashara kwa wateja ilikuwa karibu na hapo kabla ya Aprili na ikabaki karibu na hapo baada yake. Ndiyo maana aliposikia redioni Oktoba kwamba riba imebaki 6, alisema haimhusu. Kwa upande wa mkopo alikuwa na haki. Kwa upande wa dola alikosea, na lilimgharimu.

Benki Kuu ina mkono mwingine: soko la fedha za kigeni baina ya benki, ambako huuza au kununua dola. Inapouza dola, benki zinalipa kwa shilingi, na shilingi hizo zinatoka kwenye mzunguko. Kwa hiyo kitendo kimoja kinafanya mawili: kinaongeza dola sokoni na kinazifanya shilingi ziwe adimu kwa benki. Benki yenye shilingi chache haikai na dola za kuvizia bei, inaziuza. Hali hiyo ikiendana na riba iliyoachwa juu, wanaovizia dola hukuta gharama ya kuvizia imepanda.

Juu ya hayo kulikuwa na dhahabu. Kuanzia Oktoba 2024 wachimbaji na wafanyabiashara wa dhahabu walitakiwa kutenga angalau asilimia 20 ya dhahabu yao iuzwe ndani, kwa Benki Kuu. Kukawa na korosho na tumbaku za Bara. Na kukawa na wageni: mahoteli ya Nungwi, Paje na Kiwengwa hujaa kuanzia Juni hadi Oktoba, kisha tena Disemba hadi Februari, na dola zao huteremka benki wiki chache baadaye.

Wengi walitafuta sababu Marekani, kwa vile benki kuu ya huko ilipunguza riba kwa nusu pointi Septemba 2024 na ikaendelea kupunguza Novemba na Disemba. Haitoshi. Katika robo ile ile ya mwisho ya mwaka dola ilipanda dhidi ya sarafu kubwa za dunia, na shilingi ikaipandia dola. Nguvu iliyoisukuma ilikuwa ya nyumbani.

Hesabu ambayo haikufanywa

Tuseme bei ya Disemba haijulikani, kama alivyokuwa yeye. Bado kulikuwa na hesabu ya dakika tano ya kufanya juu ya karatasi.

Mkopo wa 73,776,000 kwa asilimia 15 kwa siku 75: zidisha 0.15, zidisha 75, gawa kwa 365. Unapata kama shilingi 2,274,000. Hatifungani aliyoiuza ilikuwa ikilipa asilimia 12.56 ya milioni 50, yaani 6,280,000 kwa mwaka. Kwa siku 75 amejinyima kama 1,290,000. Jumla 3,564,000. Gawa kwa dola 41,600: kila dola inamgharimu shilingi 86 kwa kuishika tu hadi Disemba.

Ongeza kwenye bei ya kununulia: 2,735 na 86 ni 2,821. Hicho ndicho kizingiti. Kununua mapema kungemlipa endapo tu dola ingevuka 2,821 ifikapo mwisho wa Disemba. Hata kama ingepanda mpaka 2,800, watu wangempongeza na yeye angekuwa amepata hasara. Sijui waagizaji wangapi huandika namba hii kabla ya kununua. Ukisikia mazungumzo ya kaunta utadhani hakuna. Anayekwepa riba na kutumia murabaha, ambapo benki hununua bidhaa na kumuuzia mteja kwa faida, aweke faida ya benki mahali pa riba, hesabu ni ileile.

Njia ya pili ilikuwa kukubaliana na benki bei ya mbele: leo mnaandikiana bei, dola zinakuja siku ya hati. Benki huipata bei hiyo kwa tofauti ya riba za sarafu mbili. Tukiweka shilingi asilimia 8 na dola 4.5 kwa siku 75, 2,735 inakuwa kama 2,754 kabla ya benki kuongeza chake. Tofauti ni shilingi 19 kwa dola, dhidi ya zile 86. Kinga ileile, kwa chini ya robo ya gharama, kwa sababu benki inahesabu kwa riba ya soko la jumla na yeye anahesabu kwa riba ya mkopo wake. Kikwazo ni kwamba benki hutaka dhamana au sehemu ya amana ili isiachwe na dola mteja akibadili nia, na mfanyabiashara wa kati mara nyingi hupewa jibu la "tutakupigia". Aulize hata hivyo, tena aulize benki mbili.

Ile hatifungani

Bei ya 80 inahitaji maelezo, kwa sababu hapo ndipo sera na matarajio vinapoonekana wazi kuliko popote.

Aprili 2021 hatifungani ya kwanza ya miaka 25 ilitoka na kuponi, yaani riba inayolipwa kila mwaka, ya asilimia 15.95. Mwaka uliofuata serikali ilishusha, za miaka 25 zikatoka kwa 12.56. Aliyekuwa na ile ya 2021 akajikuta ameshika karatasi inayolipa zaidi kuliko mpya, na kwa hesabu ya soko linalodai 12.56 bei yake ni kama 125 kwa kila 100. Mwagizaji wetu alinunua ile ya 12.56, akiamini riba za zama hizo zitadumu miaka 25.

Shilingi ilipoanza kuteleza wawekezaji wakataka kulipwa zaidi ili wakubali kufunga shilingi zao muda mrefu. Soko likidai 15.75, hatifungani ya 12.56 iliyobakiza miaka 23 inashuka hadi kama 80. Kuponi haijapungua hata senti. Kilichobadilika ni bei ambayo mtu mwingine yuko tayari kuichukua. Kwa karatasi ndefu hivi, pointi mbili za riba zinakata au kuongeza zaidi ya shilingi 10 kwenye kila 100.

Kuiuza si kazi. Dalali aliyesajiliwa anaiweka Soko la Hisa la Dar es Salaam, umiliki unahamishwa kwenye kumbukumbu za Benki Kuu, hakuna sababu ya kupanda boti. Kosa lilikuwa wakati. Hofu iliyoipandisha dola mpaka 2,735 ndiyo hiyohiyo iliyoishusha hatifungani mpaka 80. Kuuza cha pili ili kununua cha kwanza ni kuilipa hofu moja mara mbili. Mwaka 2025 riba zilizodaiwa kwenye hatifungani ndefu zilishuka. Zikishuka kutoka 15.75 hadi 13.75, karatasi ile inarudi kama 92. Kwa milioni 50, hiyo ni karibu milioni 6 alizoziacha mezani.

Disemba

Hati zilifika. Dola 41,600 ambazo zingemgharimu 101,088,000 kwa bei ya siku hiyo alikuwa ameshazilipia 113,776,000. Tofauti 12,688,000, yaani shilingi 6,344 kwa kila polo, bila kuhesabu zile 3,564,000 za kushikilia.

Kibaya zaidi kilitoka India. Nchi hiyo ilikuwa imezuia kuuza nje mchele mweupe usio basmati tangu Julai 2023. Mwisho wa Septemba 2024 ikaufungulia kwa bei ya chini isiyopungua dola 490 kwa tani, na Oktoba ikaondoa hata kiwango hicho. Tani moja ni mapolo 20, hivyo kila dola 20 zinazopungua kwenye tani ni dola moja kwenye polo. Walioagiza mwezi mmoja baada yake waliingia Januari na mchele wa bei ndogo ulionunuliwa kwa dola ya bei ndogo. Wateja wa Mwanakwerekwe waliokuwa wamejaza stoo hawakupiga simu tena. Walikuwa wakihangaika kumaliza mapolo yao thelathini.

Kosa la pili

Januari 2025 alijifunza somo, nalo lilikuwa somo baya: dola inashuka. Alikuwa na hati za dola 30,000 za mchele wa Ramadhani, iliyotarajiwa mwanzoni mwa Machi. Dola ilikuwa karibu 2,460. Akasubiri 2,300.

Dola za msimu zilikuwa zikielekea ukingoni. Karibu na masika wageni hupungua, mahoteli mengine hufunga kwa matengenezo, na waagizaji wote wa vyakula vya Ramadhani hutafuta dola katika wiki zilezile. Katikati ya Februari alilipa 2,590. Shilingi 130 mara 30,000: milioni 3.9. Mwezi wa Machi shilingi ilikuwa tayari karibu 2,650, na riba ya Benki Kuu bado asilimia 6.

Makosa yote mawili yana mzizi mmoja. Aliichukua miezi miwili iliyopita akaivuta mbele kama kamba. Oktoba kamba ilielekea juu, Januari ilielekea chini, na mara zote mbili kalenda ya dola za Tanzania, iliyo ukutani kwa kila mwenye hoteli, ilikuwa ikisema kinyume.

Julai

Tarehe 28 Machi 2025 zikaanza kutumika kanuni zinazokataza kutaja na kudai bei za ndani kwa fedha za kigeni. Mwenye fremu akalazimika kuandika kodi kwa shilingi, na sababu moja ya kuweka dola chini ya godoro ikapungua. Julai Benki Kuu ikashusha riba hadi asilimia 5.75. Vitabu vinasema riba ikishushwa sarafu hulegea. Shilingi ikaimarika miezi mitatu mfululizo, kwa kuwa msimu wa wageni ulikuwa umefika, na upunguzaji wenyewe ulitokana na imani kwamba bei zimetulia. Hatua iliyotarajiwa ilikuwa imeshaingia kwenye bei kabla haijatangazwa.

Safari hii aliagiza mzigo wa dola 45,000 na hakubashiri. Alinunua mafungu matatu ya dola 15,000: Julai kwa 2,620, Agosti kwa 2,510, Septemba kwa 2,480. Jumla shilingi 114,150,000, wastani kama 2,537. Angenunua zote Julai angelipa 117,900,000. Angengoja zote mpaka Septemba, 111,600,000. Kwenye daftari aliandika wastani ule, akaugawa kwenye polo, akapanga bei ya mchele kwa namba hiyo, na mapolo yakatoka ghalani kabla ya kontena zinazofuata kufika Malindi.